Kitunguu cha Baray kimesafiri kuliko mwanafunzi wa Baray

Nilikuwa Karatu, na si kule juu watalii wanakosimama kunywa kahawa kabla ya kupanda Ngorongoro. Nilishuka hadi bondeni, kata ya Baray, upande wa Ziwa Eyasi, kwenye joto na vumbi ambalo mpaka leo linatoka kwenye begi langu. Nilitumwa kufuatilia bei ya vitunguu. Habari ya vitunguu nimeshaiandika na mhariri ameshaikata nusu, kama kawaida yake. Hii ni ile nyingine, ambayo hakuitaka.

Siku ya mwisho nilikuwa nasubiri gari kwenye kibanda cha chai. Tukawa tunapiga soga na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Aliposikia mimi ni mwandishi akaniomba nikapite darasani kwake dakika kumi tu, niwaambie watoto kazi ya uandishi ni nini. Gari lenyewe halikuwa na dalili ya kuja, nikakubali.

Darasa la Sita. Watatu watatu kwenye dawati, na nyuma kule wanne. "Shikamoo mgeni," wakaimba wote kwa pamoja, nikaitikia marahaba. Kisha nikageuka kutazama ubao. Kipindi kilichokuwa kimeisha kilikuwa cha kompyuta, na ubaoni kulikuwa na kompyuta imechorwa kwa chaki: kiwambo, kibodi, kipanya. Kipanya kimechorwa vizuri tu, na waya wake kama mkia. Shule haina kompyuta. Mwalimu akacheka mwenyewe kabla sijacheka mimi. "Ndiyo hiyo hiyo tunayo," akasema, "na ikifika kipindi cha hesabu tunaifuta."

Jamani, nisieleweke vibaya. Simcheki mwalimu. Yule mtu ana watoto wengi kuliko madawati, na bado alikuwa anawafundisha kwa moyo. Ninachotaka kusema kinahusu hicho kipanya cha chaki na yale yaliyofuata.

Niliwauliza watoto swali la kivivu, la kuanzishia mazungumzo: vitunguu vinavyotoka hapa vinakwenda wapi? Mikono ikapanda. Arusha! Dar! Kenya! Nikauliza, vikifika Kenya? Kijana mmoja akasema, "Wanavila." Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Ndipo binti mmoja wa dawati la pili, ambaye hakucheka, akasimama akaniuliza: "Na huko Nairobi wanapima kwa lumbesa kama hapa?"

Nikakwama. Nimekaa siku nne pale nahoji wakulima na madalali, nina simu yenye intaneti mfukoni, nina shahada yangu ya uandishi wa habari, na swali hilo halikunipitia kichwani hata mara moja.

Kwa wale wenzangu wa mjini ambao kitunguu mnakutana nacho kwenye kachumbari tu: lumbesa ni lile gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, likatoka na kichwa kama mtu aliyevaa kofia. Mkulima analipwa gunia moja. Hicho kilemba ni cha mnunuzi, bure. Sheria ya Vipimo haikubali, kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga marufuku hiyo lumbesa mara nyingi kiasi kwamba tangazo lenyewe limekuwa kama wimbo wa taifa. Shambani inaendelea.

Sasa tazameni uzito wa swali la yule binti. Yeye anajua gunia linavyotoka nyumbani. Anataka kujua kama hicho kilemba kinafika safari nzima, au kuna mahali njiani kinageuka kuwa fedha ya mtu. Hilo ni swali la hesabu, la jiografia, la uraia na la biashara ya kimataifa, yote kwa mkupuo. Na limeulizwa na mtoto wa Darasa la Sita mbele ya kompyuta ya chaki.

Tunaambiwa kila siku kwamba dunia imekuwa kijiji kimoja na kwamba watoto wetu lazima waandaliwe kwa ajili yake. Mimi naunga mkono. Ninachopinga ni namna tunavyofikiri maandalizi hayo yanaanzia kwenye kununua vifaa. Naamini yanaanzia kwenye swali kama lile. Mtoto akamatie jambo la nyumbani kwao ambalo jibu lake liko mbali, alifanyie kazi kwa wiki kadhaa pamoja na wenzake, wapime wenyewe, waandike, wawaulize watoto wa upande wa pili wa jambo hilo hilo, na jibu likirudi lirudi kijijini mpaka kwa mzazi. Vifaa vinafuata. Na simu moja ya mwalimu inatosha kuanza.

Mtasema Baray ni mbali mno kwa mambo hayo. Hapo ndipo mnapokosea, ndugu zangu. Sijui ni sehemu ngapi nchini dunia imezifuata kwa juhudi kama huko Eyasi.

Miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichimba kwenye pango la Mumba, kando ya Ziwa Eyasi, na vilivyofukuliwa hapo na waliomfuata, pamoja na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, vinasomwa mpaka leo na watu wa historia ya kale. Wahadzabe wa bonde hilo ndio usiseme. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa utafiti ulioonyesha kwamba Mhadzabe anayetembea porini siku nzima anatumia nguvu ya mwili karibu sawa na Mmarekani wa ofisini, na madaktari wakaanza kuufikiria upya unene. Mwaka 2014 wakachunguzwa bakteria wa tumboni. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa usingizi wao. Kuna vyuo vikuu huko Ulaya na Marekani ambako mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa juu ya bonde hili kabla hajajua Dodoma iko wapi.

Lakini ninaoupenda kuliko yote ni ule wa mlembe. Mlembe ni yule ndege mdogo anayemwita mtu na kumwongoza mpaka kwenye nyuki, ili mtu avunje mzinga achukue asali, naye ale nta. Wahadzabe humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita kwa sauti tofauti kabisa, mtetemo wa midomo unaomalizika kwa mguno. Claire Spottiswoode na Brian Wood wakajiuliza: je, ndege anajua lugha ya kwao? Wakachukua sauti zote mbili wakazicheza huku na huku, kwenye vilima vya Kidero upande wa Eyasi na kwenye hifadhi ya Niassa. Matokeo yakachapwa kwenye jarida la Science Desemba 2023. Ndege wa Kidero waliuitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Kiyao, na wale wa Msumbiji waliitikia ya Kiyao karibu mara mbili ya ule mluzi. Yaani ndege anajifunza desturi ya watu anaoishi nao.

Sasa niambieni, kuna mradi gani wa darasani mzuri kuliko huo? Mtoto wa Kihadza wa Baray na mtoto wa Kiyao, si lazima wa Msumbiji, hata wa Tunduru tu hapa hapa nchini, wabadilishane sauti za kumwita ndege. Hakuna gharama. Simu inarekodi. Na kwa mara ya kwanza yule mtoto wa Kihadza, ambaye shuleni mara nyingi anaonekana ndiye aliyechelewa, aliyekosa sare, aliyekimbilia porini msimu wa asali, anakuwa ndiye mwenye elimu ambayo jarida la Science lilivuka bahari kuifuata. Niliwauliza watoto wa lile darasa kama wamesikia habari ya utafiti huo. Hakuna. Mwalimu pia hakuwa ameusikia, na mimi mwenyewe niliujua kwa bahati tu, kwa kusomasoma usiku badala ya kulala.

Kwa hiyo dunia inaingia Baray, inachota, inaondoka, na kinachobaki darasani ni kipanya cha chaki. Na lile darasa lenyewe, ukilitazama vizuri, ni mkutano wa kimataifa tayari. Kuna Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, na watoto wa Kibantu ambao wazazi wao wamefuata vitunguu kutoka kila pembe. Wataalamu wa lugha wanaitaja sana sehemu hii kwa sababu familia zote kuu za lugha za Afrika zinakutana hapa: Kibantu, Kikushi, Kinailoti, na lugha za kubofya ulimi ambazo zamani ziliwekwa kwenye fungu moja la Khoisan. Watoto hao wanasikilizana kwa Kiswahili wakiwa wanagombania mpira wa makaratasi. Halafu eti tunataka kuwafundisha kuishi na watu wa tamaduni tofauti!

Najua mmeshaanza kusema kwamba mambo ya kujifunza kwa miradi tumeletewa na wazungu. Hapana. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na ukiisoma leo bila kuitazama kama msahafu wala kama kumbukumbu ya makumbusho, utakuta hoja hiyo hiyo. Alilalamika kwamba shule inamtoa mtoto katika jamii yake, kwamba inathamini maarifa ya vitabuni peke yake na kudharau ya mkulima mzee, na kwamba mtihani umegeuzwa kuwa mungu. Alitaka shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga, kufanya na kupima matokeo, wakosee na wajifunze kutokana na makosa yao.

Tulifanyaje? Mimi ni mtoto wa miaka ya tisini na nitawaambia nilichokiona. Shule niliyosoma ilikuwa na shamba. Tulilijua kama adhabu. Ukichelewa namba, palilia matuta matano. Ukiongea Kiswahili siku ya Kiingereza, palilia. Hakuna mwaka hata mmoja tulioambiwa shamba limezaa magunia mangapi, yameuzwa shilingi ngapi na zimekwenda wapi, na aliyethubutu kuuliza alipewa matuta mengine. Jembe lilikuwepo, swali halikuwepo. Nadhani hapo ndipo kizazi chetu kilipochukia neno kujitegemea lenyewe.

Serikali imejaribu tena, tuseme ukweli. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ulibadilishwa uwe wa kujenga umahiri badala ya kukariri. Ikabaki kukariri, kwa jina jipya. Sasa tuna Sera ya Elimu toleo la 2023 na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, yenye mkondo wa amali, na maneno ya ubunifu na kufikiri kwa tunduizi yamejaa kila ukurasa. Nimeisoma na ninaipenda kwenye karatasi. Wasiwasi wangu ni ule ule wa zamani: mwalimu anapimwa kwa ufaulu, shule inapangwa kwa ufaulu, afisa elimu naye anaulizwa ufaulu. Swali la lumbesa halitatoka kwenye mtihani.

Majirani zetu Kenya wameshatutangulia katika njia hiyo, na tungekuwa na akili tungewachungulia. Mtaala wao wa umahiri ulianza rasmi madarasa ya chini mwaka 2019. Ulikuja na miradi mingi, na miradi ikahamia nyumbani. Mama anatoka kazini saa moja usiku anaambiwa kesho kunatakiwa picha za wanyama wa porini zilizochapishwa kwa rangi, anakimbilia kwenye duka la intaneti, anapanga foleni na mama wenzake, anachapa, anabandika, mtoto amelala. Mwaka 2021 mzazi mmoja, wakili, aliupeleka mtaala wote Mahakama Kuu ya Nairobi. Mimi sisemi mtaala ule ni mbaya. Ninasema mradi ambao mzazi ndiye anayeufanya, na jibu lake liko Google, si mradi. Ni ada nyingine.

Na kuna habari yetu wenyewe ya Tanga, ambayo nashangaa haizungumzwi sana. Kuanzia 2017 shindano la Global Learning XPRIZE liligawa tableti kwa watoto zaidi ya 2,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa ule, wengi wao hawakuwa wakienda shule. Hapakuwa na mwalimu. Tableti, chaja ya jua, na programu za Kiswahili. Baada ya miezi 15 wakapimwa kusoma, kuandika na hesabu, na Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na ile ya onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Watoto walijifunza kusoma, na nawapongeza. Mtu asiniambie tena kwamba teknolojia lazima izungumze Kiingereza ndipo imfundishe mtoto wa kijijini. Lakini hata pale, mtoto alikuwa anajibu maswali ya tableti. Tableti haikuwa na njia ya kujibu la kwake.

Arusha nako kulikuwa na jambo la aina yake. Mama Lucy Kamptoni, aliyeanza kwa kuuza kuku akajenga shule, alipata marafiki Marekani, na Novemba 2008 wakachangisha kwenye Twitter zaidi ya dola 10,000 kwa saa 48 ili kujenga darasa. Baadaye wanafunzi wake wakawa wanaandika wenyewe huko Twitter, wakati wengi wetu hapa mjini tulikuwa hatujui Twitter ni kitu gani. Namvulia kofia mama yule. Najiuliza tu kuhusu sisi wengine tulioiga baadaye vibaya: mbona kila tunapomuunganisha mtoto wa Kitanzania na dunia, sentensi yake ya kwanza ni asante? Wenzake wa ng'ambo wanakuja na maswali, yeye anakuja na shukrani. Wangekuwa na kitu ambacho kila mmoja anakihitaji kutoka kwa mwenzake, wangezungumza kama rika.

Turudi kwenye kitunguu.

Nilipotoka darasani nilimpigia mwandishi mwenzangu wa Nairobi. Akapita sokoni jioni ile ile, akaniambia kwamba kule vitunguu vingi anaviona vinapakiwa upya kwenye nyavu ndogo za kilo 13 hivi, na kwa mlaji vinauzwa kwa kilo. Gunia lenye kilemba halifiki kwa mlaji. Linavuliwa kilemba njiani.

Sasa fikirieni darasa la Baray lingefanya nini kwa jibu hilo. Waazime mizani. Wapime magunia kumi ya wazazi wao, watafute wastani, wajue kilemba kina kilo ngapi. Hiyo ni hesabu ya Darasa la Sita, tena ngumu. Waandikiane na shule moja ya Nairobi, kwa Kiswahili safi, wale wa Nairobi wapime nyavu na waandike bei ya kilo. Wachore njia ya lori kutoka bondeni mpaka Namanga. Wajifunze kwa nini kitunguu kilichovunwa na unyevu kinaoza kwenye lori, na hiyo ni sayansi. Desemba 2023 India ilizuia kuuza vitunguu nje, ikalegeza Mei 2024. Je, bei ya Baray ilitikisika katika miezi ile? Wazazi wengine wana madaftari, wakaulizwe. Kama wanataka kukiona Kiingereza kina kazi gani, wakiandikie darasa la Uholanzi, nchi ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vitunguu duniani. Wawaulize: mkulima wenu anauzaje, kwa gunia au kwa kilo, na nani anashika mizani?

Mnaona Kiingereza kimekuja cha ngapi? Nimekiweka huko makusudi. Tunapotamka "dunia" tunafikiri London mara moja, kana kwamba Goma, Mombasa, Bujumbura na Moroni ziko mwezini. Congo imeingia Jumuiya yetu mwaka 2022. Umoja wa Afrika umekipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka huo huo. Mtoto wa Baray ana lugha ya kuzungumza na mamilioni ya watu wa nchi nyingine leo hii, bila kusubiri chochote. Kisha akifika Kidato cha Kwanza tunabadilisha lugha ya masomo ghafla, na yule aliyeuliza swali kali kuliko la mwandishi wa habari anakaa kimya miaka minne kwa kuogopa kukosea sarufi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, nilikuwa mmoja wao.

Kuna pingamizi moja ambalo sitalipita haraka, kwa sababu mwalimu ndiye aliyenipa, tukiwa tumerudi kibandani. Nilipomweleza mradi huo kwa mbwembwe zote, akanyamaza, akakoroga chai. Kisha akasema: "Mwandishi, nusu ya darasa langu ni watoto wa wakulima. Lakini wamo na watoto wa madalali. Mimi nikianza kupima lumbesa na watoto, jioni nitapita wapi?"

Hili hamtalikuta kwenye vitabu vya mbinu za kufundishia. Mle miradi yote ni ya kupanda miti na kuokota chupa, na chupa haina baba. Elimu inayomfanya mtoto aelewe namna nyumbani kwao kulivyofungwa kwenye kamba ndefu ya biashara itamfanya aone pia nani ameshika kamba, na mara nyingine aliyeishika ni mjomba wake. Dalali mwenyewe naye ukimsikiliza ana yake. Nilimhoji mmoja, mzee mstaarabu tu, akanionyesha hesabu ya ushuru, nauli, vibarua na vitunguu vinavyooza njiani, akasema, "Kijana, kile kilemba ndicho kinacholipa vilivyooza." Inawezekana ni kweli. Inawezekana ni nusu. Nilikuwa sina mizani, nikaandika alivyosema.

Nilimwambia mwalimu kwamba watoto wa madalali ndio hasa wanaohitajika kwenye kundi, kwa sababu wana namba za upande wa pili. Mtoto wa mkulima alete uzito wa gunia, mtoto wa dalali alete gharama za safari, wakae dawati moja wabishane. Halmashauri ya kijiji ijulishwe mapema, mradi uitwe mradi wa vipimo, usiitwe wa lumbesa. Mwalimu mkuu asaini. Mwalimu hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Na mimi ni rahisi kusema, kwa sababu gari langu lilikuwa limeshafika na linapiga honi.

Nikiwa garini, nimebanwa kati ya ndoo na mama mwenye kuku, nilimtumia jibu la Nairobi kwa ujumbe wa simu amsomee yule binti. Siku tatu kimya. Nikadhani ndiyo basi tena, ameona nitamletea matatizo.

Siku ya nne usiku ujumbe ukaingia. Wameazima mizani, wameanza na magunia mawili ya nyumbani kwa mwalimu mwenyewe, ili wasigombane na mtu. Wameunda kundi la watoto sita. Yule binti ndiye mwandishi wao, na katika wale sita wawili baba zao ni madalali. Kompyuta ya chaki wameifuta, wamechora gunia mahali pake. Mwisho mwalimu akaandika: "Wamenituma nikuulize jambo moja. Hizo nyavu za huko Nairobi, mizani yake inakaguliwa na nani?"

Nimempigia tena mwenzangu wa Nairobi. Hajapokea, nitampigia tena asubuhi.